Moshi wa dizeli ya zamani: kuupima, kuutibu na kutunza ushahidi wake

Delhi, India, gari la dizeli linahesabiwa limekwisha likitimiza miaka 10 tangu lisajiliwe. Amri ilitoka 2015, Mahakama ya Juu ikaikazia 2018, na Julai 2025 vituo vya mafuta vikaambiwa visiuzie magari hayo hata lita moja. Wenye magari walipiga kelele kiasi kwamba hazikupita wiki mbili utekelezaji ukasimamishwa, na Agosti mwaka huo huo mahakama ikazuia kwa muda wenye magari wasichukuliwe hatua kwa sababu ya umri peke yake. London, dizeli isiyofikia kiwango cha moshi cha Ulaya kiitwacho Euro 6 inalipa pauni 12.50 kila siku inayoingia barabarani, utaratibu ulioanza katikati ya jiji Aprili 2019 na kuenea jiji zima Agosti 2023. Huko wapo waliokata nyaya za kamera usiku. Ujerumani, Hamburg ilifunga vipande vya barabara mbili kwa dizeli za zamani 2018, Stuttgart ikafuata 2019 kwa karibu mji mzima, na watu wakaandamana wakiwa na uchungu wa aina yake: waliuziwa magari hayo kama safi, kisha 2015 Volkswagen ikabainika iliweka programu ya kudanganya vipimo kwenye magari yapatayo milioni 11.

Malalamiko yanatofautiana, ila hoja iliyosikilizwa zaidi ni ile ya wenye magari wa India: umri wa gari na moshi wake ni vitu viwili. Gari la miaka 15 lililotunzwa linaweza kuwa safi kuliko la miaka 6 lililofunguliwa pampu ili idunge dizeli zaidi. Hoja hiyo ni ya kweli. Tatizo lake ni kwamba kwa mwenye gari asiye na kipimo wala daftari la huduma inabaki maneno matupu.

Huku kwetu Tanzania haijapiga marufuku kuingiza gari kwa sababu ya umri. TRA, mamlaka ya mapato, inatoza ushuru wa uchakavu. Lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda 2018 ilifunga mlango kwa yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Mwelekeo unaonekana. Na tusiusubiri kwa sababu ya sheria tu. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Wanaouvuta wa kwanza ni mama anayeuza ndizi kando ya barabara pale Uyole na wanafunzi wanaopanda mlima kwa miguu nyuma ya Fuso ya viazi.

Mwongozo huu ni kwa mwenye Land Cruiser ya injini ya 1HZ, Hilux au Hiace ya injini za 2L, 3L na 5L, Canter, Fuso, Isuzu na ndugu zao, anayefanya kazi kati ya Iringa na Tunduma. Lengo ni gari lisitoe moshi, na uwe na karatasi ya kulionyesha hilo.

Kwanza ielewe hewa ya nyanda za juu

Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Kwa mita 1,700 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 81 ya ule wa Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) inavuta hewa pungufu kwa karibu moja ya tano, wakati pampu yake, kama ilipangwa pwani, inaendelea kudunga dizeli ile ile. Dizeli inayokosa hewa ya kuunguzia ndiyo masizi. Ndiyo sababu gari linalotoka Dar likiwa safi huanza kufuka nyeusi mlima Kitonga, na likifika Mafinga dereva anadhani nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda, zimekufa.

Hapo ndipo kosa kubwa la ukanda huu linapofanyika. Gari likipungua nguvu mlimani, fundi anafungua pampu, yaani anaongeza dizeli. Nguvu inaongezeka kidogo sana au haiongezeki kabisa, kwa sababu kinachokosekana ni hewa. Kinachoongezeka ni moshi na joto la moshi. Mzigo wa tani nne, gia ya pili, dakika ishirini za kupanda: vichwa vya silinda vya 2L, 3L na 1KZ hupasuka kwa mtindo huo, na mwenye gari akalaumu rejeta.

Jambo la pili linalotokana na mwinuko ni kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, nalo tutalifikia.

Kupima moshi bila mashine

Gereji yenye mashine ya kupima uzito wa moshi ukiipata, itumie na uombe karatasi. Kwa kulinganisha, Ulaya dizeli ya zamani isiyo na tabo inaruhusiwa kufika 2.5 kwa mita, na yenye tabo 3.0. Kumbuka kwamba gari lile lile litasoma juu zaidi Mbeya kuliko Tanga.

Bila mashine, kitambaa kinatosha kukuonyesha kama unakwenda mbele au unarudi nyuma. Kabla ya hapo angalia mambo matatu, na usiruke hata moja. Taimingi belti: 1HZ na familia ya 2L, 3L na 5L zinatumia belti, nayo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe kwanza, kwa sababu kukanyaga mafuta hadi mwisho gari likiwa limesimama ndiko kunakokata belti iliyochoka, na ikikatika valvu zinagonga pistoni. Pili, oili isizidi alama ya juu kwenye kipimo. Oili iliyozidi inaweza kunyonywa na injini ikaanza kujiendesha yenyewe bila kuzimika. Tatu, gavana, kifaa kinachozuia injini isipite kasi yake, iwe inakata vizuri: panda resi polepole hadi juu, usikie injini inagota mahali pamoja na kukataa kuendelea.

Kisha endesha gari kwa dakika 20 hivi lipate moto kamili. Injini baridi inadanganya. Simamisha gari nje, mahali pa wazi, breki ya mkono imevutwa, gia huru. Kanyaga mafuta mara mbili tatu polepole kutoa masizi yaliyolala kwenye bomba. Tandaza kitambaa cheupe cha pamba kwenye duara la waya, mtu mmoja akishike kwa fimbo sentimita 30 kutoka mdomo wa bomba, yeye akae upande unakotoka upepo. Dereva akanyage hadi mwisho ndani ya sekunde moja, injini ikigota kwenye gavana aachie mara moja. Rudia mara tatu, ukingoja sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) itulie kila mara. Kitambaa kikiwa na rangi ya majivu mepesi, uko salama. Kikiwa cheusi kiasi kwamba nyuzi hazionekani, una kazi. Andika kwenye kona tarehe, kilomita, mahali na hali ya gari, kisha kiweke kwenye mfuko. Siku ile ile mtu mwingine achukue video ya simu, bomba likielekea ukuta mweupe na jua likiwa nyuma ya mpiga video.

Ukibadilisha kitu kimoja, pima tena. Ukibadilisha vitu vinne kwa mpigo hutajua kipi kilitibu, na wakati mwingine kimoja kinaficha ubovu wa kingine.

Moshi mweusi: anza na vya bei ndogo

Mweusi maana yake dizeli nyingi, hewa chache, au dizeli isiyochanganyika na hewa vizuri.

Filta ya hewa ndiyo ya kwanza, hasa kwa magari ya Chunya na Mbarali ambako vumbi ni jembamba kama unga. Itoe, weka taa ndani, tazama kutoka nje. Sehemu isiyopitisha mwanga imeziba. Kupuliza kwa upepo kunaruhusiwa kama utapuliza kutoka ndani kwenda nje, upepo usizidi bar 2, na pua ya upepo isigusane na karatasi. Ukiipuliza mara kadhaa inunuliwe mpya. Filta ya karatasi haioshwi kwa petroli wala kupigwa chini. Matundu usiyoyaona yanapitisha vumbi linalokula ringi, na hapo moshi mweusi wa leo unageuka moshi wa bluu wa mwakani. Pitisha kidole ndani ya mpira unaotoka filtani kwenda kwenye manifodi, bomba linalogawia silinda hewa. Ukikuta vumbi, kuna mahali panavuta hewa chafu: klipu iliyolegea, mpira uliochanika chini usikoonekana, au kifuniko kisichokaa.

Kwa injini yenye tabo, mpira kati ya tabo na manifodi ukiwa na mpasuko, hewa iliyokandamizwa inatoroka na gari linafuka nyeusi likivuta mzigo tu. Paka maji ya sabuni kwenye maungio yote, mtu apandishe resi, tafuta mapovu. Alama ya oili iliyolowa kwenye kiungo kimoja ni ushahidi wa kutosha.

Mafuta yenyewe. Tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hilo limesaidia sana. Tatizo linalobaki ni uchafu, maji na dizeli ya madumu ya kando ya barabara. Mafuta ya taa yakichanganywa humo yanaondoa ulaini unaolinda pampu, kwani pampu hizi zinalainishwa na dizeli yenyewe. Chota lita moja kutoka chini ya tangi, iweke kwenye chupa angavu usiku kucha. Asubuhi maji yatakuwa chini yamejitenga, uchafu utakuwa mpakani. Fungua kikombe cha maji chini ya filta kila wiki wakati wa masika. Filta ya dizeli, kwa barabara zetu, isizidi kilomita 10,000. Ukiibadilisha piga pampu ya mkono hadi iwe ngumu, utoe hewa, usimalize betri kwa kulazimisha stata.

Angalia pia breki zinazobana. Gari lenye breki moja iliyoshika linafuka kama lenye mzigo wa ziada, na watu wameshusha nozeli bure kwa sababu ya breki. Baada ya safari fupi gusa rimu zote nne kwa tahadhari. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, anzia hapo.

Kwa magari ya soko la Japani angalia valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye manifodi. Ikishika ikiwa wazi kwa masizi, injini inakula moshi wake yenyewe. Itoe, isafishe kwa dawa ya kusafishia kabureta na brashi, hakikisha mkono wake unakwenda na kurudi bila kukwama, weka gasketi mpya. Kuiziba kabisa kwa bati kunapunguza masizi lakini kunapandisha gesi za oksidi za naitrojeni, zile zile zilizoifanya miji ya Ujerumani ifunge barabara. Isafishe.

Nozeli na pampu

Hapa ndipo fedha zinapotea, kwa hiyo twende taratibu.

Nozeli zitolewe zote kwa pamoja na zipelekwe kwa fundi pampu mwenye mashine ya mkono ya kupimia. Simama uone mwenyewe. Mambo manne yanaangaliwa: inafungua kwa mgandamizo gani, inatawanya namna gani, inalia namna gani, na inavuja au haivuji. Kwa injini zenye chemba ya awali kama 1HZ na 3L, mgandamizo wa kufungua kwa kawaida uko kati ya bar 100 na 155 kulingana na injini. Za kudunga moja kwa moja, kama Fuso nyingi, huanzia 180 na kuendelea. Namba kamili ichukuliwe kwenye kitabu cha injini yako. La muhimu ni zote ziwe sawa. Silinda moja ikifungua mapema injini inatetemeka sailensa. Mtawanyiko uwe wa ukungu, usiwe mshipa. Kisha fundi ashikilie mgandamizo bar 10 hadi 20 chini ya ule wa kufungua kwa sekunde 10: ncha ibaki kavu. Inayodondosha tone ndiyo inayounguza pistoni.

Shim, kipande chembamba cha chuma cha kuongeza mgandamizo, haitibu ncha iliyochakaa. Fundi akikwambia ataongeza shim peke yake wakati ncha inadondosha, chukua nozeli zako uende kwingine. Ncha mpya za bei nafuu mno nazo zipimwe kabla ya kufungwa, maana zipo zinazotoka kwenye boksi zikiwa zinavuja.

Wakati wa kurudisha, washa za shaba na zile za chini zenye mikunjo ziwe mpya kila mara, na upande ule ule zilivyokaa. Safisha kiti cha nozeli bila kusukuma masizi ndani ya silinda. Nozeli za Toyota za kuskrubu, kama za 1HZ na 2L, zinakazwa karibu Nm 64 kwa toki renchi. Ukizidisha, ganda lake linapinda na sindano inashika. Ukipunguza, moshi unapita pembeni na utasikia inapiga kama gari linapiga chafya.

Tapeti (nafasi ya valvu) kwa 1HZ, injini ikiwa baridi: za kuingiza milimita 0.15 hadi 0.25, za kutoa 0.35 hadi 0.45. Tapeti za kutoa zikibana sana valvu haifungi vizuri, kompresheni inashuka, na moshi unaanza taratibu bila mtu kuelewa kwa nini.

Sasa pampu. Kwenye pampu ya mzunguko inayotumika kwenye 1HZ na 2L hadi 5L, skrubu ya mafuta ya mzigo kamili iko nyuma, upande zinakotokea bomba za nozeli. Kuiingiza ndani ni kuongeza dizeli, kuitoa ni kupunguza. Ukikuta muhuri wake umekatwa, kuna mtu alishaichezea. Ili kuirudisha, chora alama ya rangi kwenye skrubu na ganda la pampu. Legeza nati ya kufungia, toa skrubu nje kwa moja ya nane ya mzunguko, funga nati. Sailensa inaweza kushuka. Irekebishe kwa skrubu yake. Nenda mlima mmoja unaoujua, kwa mfano kutoka Uyole kupanda kuelekea Isyonje, ukiwa na mzigo uleule na gia ileile. Abiria atazame nyuma. Endelea kupunguza kwa moja ya nane hadi moshi uwe ukungu mwepesi wakati wa kukanyaga mwisho, halafu simama hapo. Ukipita hapo gari litakosa nguvu bila faida.

Gari linalofanya kazi Mbeya na Kyela lipangwe kwa Mbeya. Kyela iko karibu mita 500 tu, hewa ni nyingi, gari litakuwa na nguvu ya kutosha na halitafuka. Ukilipanga kwa Kyela litafuka njia nzima ya Tukuyu.

Pampu za mstari za Fuso, Hino na Isuzu usiziguse barabarani. Zinapangwa kwenye mashine, kila silinda inapimwa ujazo wake, na fundi anapaswa kukupa karatasi ya vipimo hivyo. Karatasi hiyo ni mali.

Na taimingi ya pampu: ikichelewa, moshi unakuwa mweupe asubuhi na wa kijivu mchana, gari zito, ikiwahi, injini inagonga kwa sauti kavu na joto linapanda. Baada ya kubadilisha belti, kosa la jino moja linaleta yote haya.

Moshi mweupe na wa bluu

Asubuhi ya Juni au Julai Njombe na Makete, ambako baridi inagandisha umande, moshi mweupe wa dakika moja mbili ni kawaida. Ukiendelea na unachoma macho, ni dizeli isiyoungua: shuku hita plagi, zile zinazopasha silinda moto wakati wa kuwasha. Toa waya unaoziunganisha, pima kila moja kwa mita. Nzima inasoma omu chache tu, iliyokufa haisomi kitu. Mbili zikiwa zimekufa badilisha zote. Hakikisha volti zake kwa maandishi yaliyo juu yake, kwani kuna za mfumo wa volti 12 na za 24, na kuna zinazotumia volti ndogo zaidi. Ukifunga isiyo yake inaungua ndani ya sekunde au haipati moto. Moshi mweupe usiochoma macho, wenye harufu tamu, na maji ya rejeta yanapungua, ni gasketi au kichwa kilichopasuka. Usiendeshe hivyo kwenda mbali.

Bluu ni oili. Ukitoka asubuhi tu kisha ukaisha, shuku sili za valvu. Ukitoka baada ya injini kukaa sailensa muda mrefu, na ndani ya mpira wa tabo kumelowa, ni tabo. Ukitoka muda wote gari likivuta, fungua kifuniko cha oili injini ikiwa sailensa, kigeuze, kiweke juu ya tundu. Kikirukaruka au kusukumwa na pumzi nzito, ringi zimekwisha.

Kompresheni inathibitisha. Betri ijae, hita plagi zote zitoke, waya wa kukata mafuta utolewe, stata izungushe injini angalau mizunguko 250 kwa dakika. Vitabu vinasema 1HZ mpya husoma karibu kilo 37 kwa sentimita ya mraba na kikomo ni 27. Familia ya 2L karibu 32 na kikomo 20. Tofauti kati ya silinda isizidi 5. Lakini namba hizo ni za usawa wa bahari. Mbeya injini nzima ya 1HZ inasoma karibu 30, na kikomo chake huku kinashuka hadi karibu 22. Ya 2L ni karibu 26 na 16. Injini nyingi nzuri zimeshushwa na kuchongwa silinda bure kwa sababu fundi alisoma kitabu akasahau mwinuko. Tofauti kati ya silinda haidanganyi. Hiyo ndiyo ya kuitegemea. Kumwaga oili ndani ya silinda ili kupima tena, kama ilivyo kwa petroli, hakufai kwenye dizeli: nafasi ni ndogo mno, namba inapanda hata kama ringi ni mbovu. Ingiza upepo kupitia tundu la hita, pistoni ikiwa juu, usikilize unatorokea wapi: kwenye filta ni valvu ya kuingiza, kwenye bomba la moshi ni ya kutoa, kwenye kifuniko cha oili ni ringi, mapovu kwenye rejeta ni gasketi.

Magari yaliyokimbizwa na marufuku za kwao

Tokyo na mikoa jirani ilianza kuzuia dizeli zisizofikia kiwango cha masizi Oktoba 2003, na wenye magari wa huko walikuwa na njia mbili kuu: kufunga kichujio kilichoidhinishwa au kuuza. Sehemu ya yaliyouzwa ilifika kwetu. Ukinunua lori la Japani, soma herufi zilizotangulia namba ya modeli kwenye kibati: KC- ni la katikati ya miaka ya 1990, KK- ni la kuanzia karibu 1998, PA- au PB- la karibu 2004, BDG- au PDG- la karibu 2007, TKG- au SKG- la kuanzia karibu 2010. Herufi hizo ni kiwango cha moshi. Ziandike, pamoja na mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza, kwa sababu Uganda inahesabu kutoka kutengenezwa, Delhi inahesabu kutoka kusajiliwa, na London inatazama kiwango chenyewe.

Malori mapya zaidi na pikapu nyingi zina kichujio cha masizi, DPF. Kinajisafisha kwa kuunguza masizi kwenye joto la karibu nyuzi 600, kazi ya dakika 10 hadi 20 za mwendo usiokatika. Gari la Mwanjelwa hadi Kabwe na kurudi, humo humo Mbeya mjini, halifiki huko. Mara moja kwa wiki lipeleke Makambako, au mwendo wa saa nzima barabara kuu. Taa ikiwaka usizime injini katikati. Tumia oili ya majivu machache, yenye alama DL-1 kwa magari madogo au DH-2 kwa malori. Oili ya kawaida inaacha majivu ambayo hakuna moto unaoyaondoa. Oili ikipanda juu ya alama kwenye kipimo, dizeli inashuka ndani yake kila usafishaji unapokatizwa: mwaga, weka mpya, tafuta chanzo.

Mafundi wengi watakwambia ukate kichujio na ufunge bomba tupu. Kataa. Gari linalopita mpaka wa Tunduma au Kasumulu leo bila kuulizwa linaweza kuulizwa kesho, na kichujio ukishakitupa, kununua kingine ni ghali. Kikiziba, kitolewe, kipulizwe kwa upepo kutoka upande wa kutokea, fundi akiwa amefunga pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi, kirudishwe.

Daftari

Daftari la kawaida la shule linatosha. Kila ukurasa: tarehe, kilomita, kilichofanyika, spea iliyofungwa, jina la gereji, risiti imebandikwa. Nyuma yake karatasi ya pampu, ya nozeli, ya kompresheni (andika ilipimwa mji gani), na vitambaa vyako kwenye bahasha. Mnunuzi akija na hoja ya umri ili ashushe bei, mfungulie. Ofisa akija na hoja hiyo hiyo, mfungulie naye.

Kama kompresheni imeshuka silinda zote na injini inapumua, usiendelee kulipia nozeli. Hapo ni kuchonga silinda na kuweka ringi na pistoni mpya, au kufunga injini ya mtumba. Ya mtumba ipimwe kompresheni kabla hujalipa, ikiwa bado chini, kwa stata na betri yako mwenyewe. Na ukishaifunga, peleka taarifa TRA namba mpya ya injini iingie kwenye kadi, kwa sababu gari lenye namba isiyolingana na kadi linazuiwa hata kama halitoi moshi hata kidogo.